Intavali na kitambi: namna ya kukimbia kwa raundi ili mafuta yapungue

Intavali ni kukimbia kwa nguvu kwa muda mfupi, kutembea ili upumzike, kisha kurudia. Je, hupunguza mafuta ya mwili? Ndiyo. Ila aliyekuambia kwamba zinayayeyusha mara tatu kuliko kutembea, huyo alikuuzia maneno. Faida yake kubwa ni kuokoa muda na kuongeza pumzi haraka. Kwa upande wa kiuno, zinakwenda sambamba na kukimbia polepole au kutembea kwa kasi.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia walikusanya majaribio yaliyolinganisha makundi mawili ya watu wazima wenye uzani uliopita kiasi, kundi moja likifanya intavali na jingine mazoezi ya mwendo mmoja. Mengi yalikuwa ya wiki kumi hivi, mara tatu kwa wiki. Mafuta yalipungua na kiuno kikapungua kwa kiasi kinacholingana pande zote mbili, lakini watu wa intavali walitumia muda pungufu kwa karibu asilimia 40. Mapitio mengine, yaliyotoka Brazil mwaka 2019, yaliipa intavali ushindi, na mitandao ikashangilia. Lakini ukitazama asilimia ya mafuta mwilini, pande zote mbili zilikaribiana.

Zinamfaa nani, basi? Zinamfaa mwenye duka Kondele, Kisumu, anayefungua saa moja asubuhi na kufunga usiku, au mwalimu wa Nakuru aliye na dakika arobaini tu kabla ya kwenda kazini. Kama una saa nzima kila siku na unapenda kutembea, tembea. Hujakosa kitu.

Hesabu kabla ya viatu

Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita moja hutumia takribani kalori 80, yaani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kasi haibadilishi hesabu hiyo sana. Kutembea hutumia kama theluthi mbili ya hapo. Sasa chukua siku moja ya intavali: dakika kumi za kupasha mwili moto, raundi kumi za dakika moja moja, kutembea dakika moja na nusu kila baada ya raundi, na dakika tano za kupoa. Hizo ni dakika 40 na kalori 300 hivi. Saa nzima ya kutembea kwa haraka inakupeleka hapo hapo.

Chapati moja ya kukaangwa, ya ukubwa wa kawaida, ina kalori kati ya 250 na 300.

Kuna wale wanaosema moto huendelea kuwaka mwilini siku nzima baada ya intavali. Huwaka kweli, ila ni makaa, tena machache. Baada ya zoezi mwili unaendelea kuvuta oksijeni zaidi kuliko kawaida, na nguvu inayotumika hapo ni kati ya asilimia 6 na 15 ya ile iliyotumika kwenye zoezi lenyewe. Kwa kalori 300, ziada ni 18 hadi 45: kijiko kimoja cha chai mpaka vitatu vya sukari.

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takribani kalori 7,700. Ukifanya intavali mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 umetumia 7,200, na kilo moja haijatimia. Ndiyo maana jikoni tutafika, upende usipende.

Nani asianze leo

Pitia kwanza duka la dawa au kituo cha afya upimwe presha. Ikisoma 160/100 au zaidi, tafuta tiba kwanza. Ikifika 180/110, usikimbie kabisa hadi daktari akuruhusu. Anayepata maumivu ya kifua akipanda ngazi, anayezimia, au aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo, asiguse intavali bila daktari kusema. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla: ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale ndizi au anywe kitu chenye sukari, angoje ipande, na awe na glukosi mfukoni. Anayemeza atenolol (dawa ya presha) au dawa za aina hiyo ajue kwamba dawa hizo hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo kanuni za mapigo zilizo chini hazimhusu. Atumie kipimo cha kuongea, nacho kiko chini.

Jambo moja la huku kwetu ambalo ni rahisi kulisahau: selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Nyanza na Magharibi zina watu wengi wanaobeba jeni moja ya ugonjwa huu, kutoka kwa mzazi mmoja, bila kuumwa, na wengi hawajui kwa sababu hawajawahi kupimwa. Mbebaji anaweza kufanya mazoezi vizuri tu, lakini mbio kali zinazorudiwarudiwa, juani, na mwili umekauka maji, zimewahi kuangusha watu kama hao na hata kuwaua. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, pimwa. Ukiwa mbebaji, pumzika muda mrefu kati ya raundi, kunywa maji, usishindane na mtu, na miguu ikilegea ghafla au ikiuma bila misuli kukaza, acha hapo hapo na upelekwe hospitali.

Malaria nayo: usikimbie ukiwa na homa. Maliza dawa, kisha jipe kama wiki moja ya kutembea tu.

Viatu

Raba za mitumba zinatosha, na soko la Kibuye, Kisumu, limejaa, lakini nunua kwa kidole gumba. Bonyeza soli ya kati, lile povu la pembeni chini ya kisigino. Likibonyea kidogo na kurudi, ni zima. Likiwa gumu kama ubao, kiatu kimekaa stoo miaka, na magoti yako ndiyo yatakayolipa. Kisha kikunje: kinapaswa kukunjika kwenye vidole, si katikati ya wayo. Mwisho angalia gundi ya ncha ya mbele, kwa sababu huachia upesi ukikimbia mlimani.

Wiki tatu za kutembea

Kama hujafanya mazoezi kwa miezi, usianze na intavali. Moyo hujifunza ndani ya wiki chache. Kano za kisigino na mifupa ya muundi huchukua miezi. Pengo hilo ndilo linalowaumiza watu: pumzi inaruhusu, mguu haujawa tayari. Kwa wiki tatu tembea dakika 30 hadi 40, siku nne au tano kwa wiki, kwa mwendo unaokufanya uongee kwa sentensi fupi. Kutoka Dunga kuelekea mjini Kisumu asubuhi, au kuzunguka mitaa ya Milimani kule Nakuru, kunatosha. Anayetembea hivyo tayari aruke hatua hii.

Mlima kwanza

Wiki ya nne hadi ya sita, fanyia mlimani. Hili tunalisisitiza hasa kwa mtu mzito. Ukipanda, mguu hauangukii mbali na kishindo kinapungua. Kasi inabanwa na mlima wenyewe, kwa hiyo ni vigumu kuchana msuli wa nyuma ya paja. Na moyo unapanda haraka ingawa unakwenda polepole. Nakuru umebarikiwa kwa hili: barabara zinazopanda kuelekea Menengai zina miteremko ya kila aina. Kisumu mjini ni tambarare, lakini Riat haiko mbali. Kakamega hukosi kilima. Chagua mteremko wa kawaida, ule ambao boda boda aliyebeba abiria anaupanda bila abiria kushuka.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Pasha mwili moto dakika kumi: tano za kutembea, tatu za kukimbia taratibu, mbili za kukimbia taratibu ukiongeza mwendo kwa hatua ishirini mara tatu. Usijinyooshe kwa kushika mguu na kutulia kabla ya kukimbia. Zungusha nyonga, rusha mguu mbele na nyuma, inuka juu ya vidole vya miguu mara kumi na tano.

Tafuta jiwe au mti wa kuanzia. Weka kipima-muda cha simu sekunde 30. Panda kwa nguvu ya nane juu ya kumi, ikiwa kumi ni kukimbizwa na mbwa. Macho mbele, hatua fupi, mikono ikifanya kazi. Simu ikilia, simama na uweke jiwe pale ulipofika. Shuka ukitembea, bila kukimbia, kwa hatua ndogo, kwa sababu kushuka ndiko kunakochana misuli ya mbele ya paja. Kushuka huko, pamoja na kusimama kidogo chini, kuchukue dakika moja na nusu hadi mbili. Usianze tena kabla hujaweza kusema sentensi nzima bila kukatika.

Jiwe lile ndilo kocha wako. Raundi ya sita inapaswa kulifikia. Ukipungukiwa kwa hatua moja au mbili, sawa. Ukipungukiwa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya umbali, umemaliza kwa leo hata kama mpango unasema zimebaki mbili. Na kama raundi ya kwanza ndiyo iliyofika mbali kuliko zote, siku zote, basi unaanza kwa kasi mno. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Weka jiwe la kwanza karibu kidogo kuliko unavyotamani, na raundi ya mwisho ulipite.

Wiki ya nne fanya raundi sita, ya tano nane, ya sita kumi. Mara mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa. Si mara tatu. Siku mbili nyingine tembea dakika 40 hadi 60, na siku mbili fanya dakika ishirini za nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu (hata kwa kuegemea ukuta), kupanda kwenye benchi kwa mguu mmoja, kuinua mtungi wa maji wa lita 10. Usiziache hizi za nguvu, kwa sababu anayepunguza uzani bila kuzifanya hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Tambarare: dakika moja kwa moja na nusu

Wiki ya saba hadi ya tisa, shuka uwanjani. Afraha kule Nakuru, Bukhungu kule Kakamega au uwanja wowote wa shule wenye nyasi na usio na mashimo. Kimbia dakika moja kwa nguvu ya nane, tembea dakika moja na nusu, rudia mara nane, halafu mara kumi. Hapa kipimo kizuri ni maneno: ukiwa sekunde ya arobaini, uweze kutoa maneno mawili au matatu tu. Ukiweza kusimulia, ongeza. Usipoweza hata kusema "ngoja", punguza.

Wanaopenda namba: chukua 208, toa miaka yako mara 0.7. Mtu wa miaka 40 anapata 180, yaani mapigo ya juu kabisa ya moyo wake kwa dakika. Mwisho wa raundi mapigo yawe kati ya asilimia 85 na 95 ya hiyo, yaani 153 hadi 171. Kanuni hii inaweza kumkosea mtu kwa mapigo kumi juu au chini, kwa hiyo isikufanye mtumwa. Saa za mkononi nazo huchelewa kusoma; kwenye raundi ya sekunde 30 inakuonyesha mapigo ya raundi iliyopita.

Huna saa? Tumia nguzo za stima. Kimbia nguzo mbili, tembea mbili. Hii ni fatleki ya kienyeji, na ni halali kabisa. Fatleki yenyewe ilizaliwa Sweden miaka ya 1930, mikononi mwa kocha Gösta Holmér, na maana yake ni kuchezea kasi. Iten, mji wa wakimbiaji, wameifanya kuwa yao: kundi kubwa kwenye barabara ya vumbi, dakika moja kali, dakika moja pole. Wanaotoka mjini kwenda kuitazama hurudi wakitaka kuifanya kila siku. Wasichokiona ni siku nyingine za wiki, ambapo bingwa yule yule anakimbia polepole huku akipiga gumzo. Kama kuna cha kuigwa Iten, ni hicho.

Neno kuhusu mwinuko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru inakaribia 1,850. Aliyezoea kukimbia ufukweni akihamia Nakuru ataona dakika yake inafika mita chache kuliko zamani. Hewa ni nyepesi, hajazeeka. Afuate nguvu ya nane juu ya kumi, aache kufuata umbali wa kule alikotoka.

Wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili unaweza kujaribu raundi ndefu: dakika nne ngumu, dakika tatu za kutembea kwa haraka, mara nne. Mtindo huu umechunguzwa sana Trondheim, Norway, hata kwa wagonjwa wa moyo walio chini ya uangalizi. Nguvu hapa ni saba na nusu, si tisa. Dakika ya kwanza ionekane rahisi. Wengi huharibu raundi hizi dakika ya kwanza, halafu hutembea ya tatu.

Mwenye goti bovu au aliyezidi kilo 110 afanye haya yote kwa baiskeli. Hata ile nzito ya kubebea mitungi inafaa. Sekunde 30 mlimani ukiwa umekaa, kisha kuteremka taratibu.

Jua, mvua na barabara

Kisumu fanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linapochomoza. Alasiri joto hukaribia nyuzi 30 na unyevu wa ziwa hauachi jasho likauke, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unapanda kwa sababu ya joto, wewe unadhani ni zoezi. Kunywa glasi moja ya maji kabla, na nyingine mbili baada. Anga ikifunga alasiri, hasa Kakamega na Kisii ambako radi ni jambo la kila msimu, toka uwanjani. Uwanja wazi si mahali pa kumalizia raundi mbili zilizobaki. Barabarani kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, vaa kitu cheupe, na usizibe masikio yote mawili. Kama ni giza bado, nendeni wawili au zaidi.

Jikoni

Rudi kwenye hesabu ya 7,200. Ukipunguza kalori 400 kwa siku, kwa wiki 12 unapata zaidi ya 33,000. Kwenye karatasi hizo ni kilo nne na kitu. Mwili hujibana kidogo ukipungua, kwa hiyo usitegemee zote, ila hata tatu ni suruali mpya.

Mia nne zinatoka wapi bila kulala njaa? Anza na mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye mtungi haumimini kijiko kimoja. Pima. Sukuma wiki ya watu watatu inaiva kwa vijiko viwili. Ongeza kitunguu, nyanya na maji kidogo, funika. Kisha chai: vikombe vitatu vya vijiko vinne vya sukari ni karibu kalori 190 kwa siku. Shuka hadi kimoja kwa kikombe, kijiko kimoja kila wiki, ulimi hautagundua. Soda ya mililita 300 ni kama 125. Mandazi mawili ya saa nne ni hadithi nyingine. Ukiyaacha hayo peke yake unakaribia kufika.

Ugali hauna haja ya kuuacha, una haja ya kuupima, na kipimo unacho stoo. Hesabu pakiti ya unga ya kilo mbili inaisha baada ya sahani ngapi. Ikiisha baada ya sahani nane, kila mlaji anakula gramu 250 za unga, yaani karibu kalori 900 kabla ya mboga. Lengo liwe sahani kumi na nne au kumi na tano kwa pakiti. Pengo lijaze kwa mboga na kitu cha protini: omena, mayai, maharagwe, ndengu, mala, samaki wa kuchemsha. Gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzani kwa siku zinalinda misuli na kushibisha. Kwa mtu wa kilo 80 ni gramu 96 hadi 128. Yai moja lina sita hivi, kwa hiyo mtaona kwa nini omena ni rafiki.

Kukimbia kabla ya kula asubuhi? Kama tumbo linakubali, sawa. Utachoma mafuta mengi zaidi ndani ya zoezi na pungufu kidogo baadaye. Mwisho wa wiki hesabu ni ile ile. Anayepata kizunguzungu ale ndizi.

Yanayoharibika, na sababu yake

Kosa kubwa ni mapumziko mafupi. Mtu anajiona shujaa kwa kupumzika sekunde 20, lakini kufikia raundi ya nne miguu haiwezi tena kwenda kasi, na zoezi linageuka kuwa mbio za wastani zenye uchungu mwingi. Hapo umepoteza faida ya pumzi na hujapata muda wa kutosha kutumia kalori. Pumzika vya kutosha ukimbie vizuri.

La pili ni kutegemea Tabata, ule mtindo wa raundi fupi za dakika nne tu. Jaribio la mtafiti wa Japani, Izumi Tabata, la 1996 lilitumia baiskeli za maabara, sekunde 20 kwa nguvu ambayo binadamu wa kawaida haifikii kwa kurukaruka sebuleni, sekunde 10 za kupumzika, raundi saba au nane, siku nne kwa wiki, na siku ya tano dakika 30 za mwendo wa wastani kabla ya raundi nne. Lilipima pumzi na uwezo wa misuli, na vyote viliongezeka sana. Mafuta ya mwili hayakuwa swali lake. Dakika nne ni dakika nne. Kalori zake hazilipii nusu mandazi.

La tatu huwezi kuliona ukiwa uwanjani. Baada ya intavali watu hujituza: boda boda badala ya kutembea hadi stejini, kukaa Jumamosi yote, sahani ya pili "kwa sababu nimekimbia". Hesabu hatua zako za siku ya mazoezi na za siku isiyo ya mazoezi kwa simu. Kama ya mazoezi ina hatua chache ukiondoa zoezi lenyewe, umepata mwizi.

Kujifunga nailoni tumboni au kuvaa jaketi mbili hakuchomi chochote. Kilo inayopotea ni maji, inarudi na glasi ya tatu, na kwa joto la Kisumu unaweza kuanguka. Kuinuka tumbo mara mia hukaza misuli iliyo chini ya kitambi. Kitambi chenyewe kinachukua zamu yake mwili mzima unapopungua.

Maumivu ya muundi kwa ndani, yanayouma ukibonyeza sehemu ndefu ya mfupa, ni dalili ya kuongeza haraka mno au kukimbia lami kila siku: rudi kwenye nyasi, punguza raundi nusu kwa wiki mbili. Yakiuma mahali pamoja padogo, hata usiku, huenda mfupa umepata ufa. Acha kukimbia ukapigwe picha. Kisigino kinachokakamaa asubuhi na kulegea baada ya hatua chache kinaonya. Acha mlima kwa muda, fanya kupanda kwa vidole na kushuka polepole, mara kumi na tano mara tatu kila siku.

Kupima

Mizani peke yake itakudanganya, maana maji, chumvi na hedhi huisogeza kilo moja au mbili kwa siku mbili. Zile zinazodai kusoma asilimia ya mafuta ukisimama juu yake husomea maji pia. Nunua futi ya fundi wa nguo. Mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, papasa ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, weka futi katikati ya hivyo viwili, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani, soma. Hatari ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na hupanda sana kikipita 102 na 88. Kilo moja ya mafuta ikiondoka, kiuno hupungua karibu sentimita moja.

Wiki tatu za kwanza futi huenda isisogee. Lakini mafuta ya ndani, yale yaliyozunguka ini, hupungua kwa mazoezi hata uzani ukibaki pale pale, kwa hiyo usiache. Wiki ya sita ikiwa bado haijasogea hata nusu sentimita, usiongeze raundi. Hesabu tena sahani za pakiti ya unga na vijiko vya mafuta kwa siku saba, ukiandika. Karibu kila mara jibu liko hapo.

Ukikosa wiki moja, endelea ulipoishia. Ukikosa mbili au tatu kwa ugonjwa au msiba, rudi hatua moja nyuma: aliyekuwa tambarare arudi mlimani na raundi sita. Baada ya wiki 12, baki na siku moja ya mlima na moja ya tambarare, na mara moja kwa mwezi rudi kwenye mteremko ule ule, uweke tena jiwe la sekunde 30.